Mali Bila Daftari: Nasaha kwa Vijana wa Eldas Wanaolinda Mitambo



Mmerudi nyumbani na vyeti vyenu, na Eldas imefurahi. Mmoja wenu anasimamia kompyuta za hospitali, mwingine yuko ofisi ya kaunti kule Wajir, mwingine amepata kazi kwenye sacco, na wengine wanasambaza intaneti ya redio kutoka mnarani hadi madukani. Hiyo ni amana. Watu wasiojua kusoma skrini wamewakabidhi pesa zao, majina yao na siri za maradhi yao. Kwa hiyo nawaandikia kuhusu jambo lisiloonekana, lisilosifiwa, na ambalo wakubwa hulikumbuka siku ya balaa tu: logi za usalama, mahali pa kuzitunza, na namna ya kuzisoma siku ya uchunguzi.

Mimi nilianza kazi enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Tuliunganisha simu za mbali kwa mkono, na kila simu iliandikwa: nani amepiga, amempigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Baadaye nilihamia kwenye seva, na huko ndiko nilikostaafia. Vyombo vilibadilika, wajibu ukabaki ule ule wa kuandika kilichotokea wakati kinapotokea, kwa mkono usiopendelea mtu.

Neno langu kwenu ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake. Andika mapema, weka maandishi mbali na mkono wa anayeweza kuyafuta, na hakikisha siku ya haki unaweza kulifungua daftari mbele ya watu. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mawili yaliyobaki hayatakufaa kitu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi mliosoma duksi, yaani chuo cha Qur'ani, mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Inafundisha kwamba deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na mwandishi na shahidi wasipate madhara kwa sababu ya kazi yao. Msione haya basi mtu akiwauliza, "Kwani hamtuamini, mbona mnaandika kila tunachofanya?" Mwambieni kwa upole kwamba maandishi yanamlinda yeye kabla hayajamlinda mwenye mali.

Kila mtambo unaofanya kazi huandika, na maandishi hayo ndiyo logi. Seva huandika nani ameingia. Ruta na fayawoli huandika nani amegonga mlango na kutoka wapi. Mfumo wa malipo huandika nani ameidhinisha. Tazameni mistari hii niliyoitunga kwa kufundishia:

2025-05-13T23:41:07Z akaunti=mhasibu2 kutoka=203.0.113.45 matokeo=imekataliwa
2025-05-13T23:47:12Z akaunti=mhasibu2 kutoka=203.0.113.45 matokeo=imekubaliwa
2025-05-13T23:52:30Z akaunti=mhasibu2 kitendo=kuongeza_mpokeaji matokeo=imekamilika

Asiyejua kazi ataona tarakimu. Mchunguzi ataona usiku mzima: mtu aliyekuwa nje ya ofisi alijaribu neno la siri la mhasibu likakataliwa, baada ya dakika 6 likakubaliwa, na dakika 5 baadaye jina la mpokeaji mpya wa malipo likaingizwa. Hapo uchunguzi una pa kuanzia. Anwani hiyo ilionekana lini mara ya kwanza? Ilijaribu akaunti gani nyingine? Mpokeaji huyo amelipwa mara ngapi?

Iangalieni na ile herufi Z mwishoni mwa saa. Inasema saa hiyo ni ya kipimo cha dunia, nayo Kenya iko mbele yake kwa saa tatu. Saa 23:47 ya Jumanne iliyoandikwa pale ni saa nane na dakika 47 usiku wa kuamkia Jumatano hapa Eldas. Asiyejua hilo ataisoma kama saa tano na dakika 47 usiku, kisha atauliza ni nani aliyekuwa zamu saa tano, na kijana aliyebaki ofisini kumaliza hesabu za mwezi atashukiwa bure. Tofauti ya saa tatu inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Hakikisheni kila mashine inasahihisha saa yake kwa seva ya muda, na kila ripoti mnayoandika itaje saa ya Afrika Mashariki kando ya ile ya dunia.

Sasa nije kwenye mahali pa kutunzia. Mfugaji wa hapa akiibiwa ngamia hufuata nyayo, na mwizi aliyekomaa huburuta tawi nyuma yake ili azifute. Wadukuzi nao hufanya hivyo hivyo. Februari 2016 wadukuzi waliokuwa wameingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko Federal Reserve ya New York. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino, na nyingi hazikurudi. Programu yao haikuiba tu. Ilifuta rekodi za malipo yale ndani ya mfumo wa benki, na ikaizuia printa iliyokuwa ikichapisha uthibitisho wa kila muamala. Wafanyakazi walipoikuta printa kimya walidhani ni hitilafu ya kawaida, na saa za thamani zikapita. Daftari na sanduku la pesa vilikuwa chumba kimoja, na mwizi alikuwa na funguo za chumba.

Ndiyo sababu nasema logi isilale kwenye mashine iliyoizalisha. Ikiandikwa, ndani ya sekunde chache iondoke iende kwingine, na kwa mtu wa Eldas kwingine kunakowezekana leo ni hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine katika jengo la mbali, unazozikodi kwa kadiri ya unachotumia. Wingu lenyewe limetusogelea: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google ikafungua Johannesburg 2024. Lakini kupeleka mbali hakutoshi. Ufunguo mnaoipa seva yenu uwe wa kuongeza mistari tu, usiweze kusoma wala kufuta. Halafu wekeni lile kufuli la muda ambalo hifadhi hizo zinalo: ukishasema faili hizi zisiguswe kwa siku 365, hata wewe msimamizi huwezi kuzifuta kabla ya siku hiyo. Mdukuzi akiiteka seva ataweza kuzuia mistari ya kesho. Ile iliyoeleza alivyoingia jana itakuwa imekwisha kwenda.

Mazingira yetu nayo yanadai hivyo. Mnaujua umeme wetu wa jenereta na sola, unavyokatika bila taarifa. Mnalijua vumbi linaloingia kwenye feni za seva, na joto la Februari. Mnajua pia kwamba minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa katika Wajir, Mandera na Garissa. Mtu anayetunza logi zote kwenye diski moja chini ya meza ya ofisi anategemea bahati. Lakini anayetegemea wingu peke yake naye asijione salama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikazorota. Ofisi iliyokuwa ikipeleka logi zake kusini ilikuta njia imeziba. Kwa hiyo programu inayosafirisha logi lazima iwe na foleni kwenye diski ya hapa: mnara ukianguka au waya ukikatika, mistari ijipange na kungoja, na njia ikifunguka iende yote kwa mpangilio wake. Zipimeni foleni hizo kwa makusudi. Chomoeni waya wa intaneti siku nzima, mrudishe, kisha mhesabu kama kuna mstari uliopotea.

Mtaulizwa logi zitunzwe kwa muda gani. Wakubwa watasema siku 30, kwa kuwa hifadhi ni pesa. Waelezeni kisa cha SolarWinds. Wadukuzi waliingia kwenye kampuni hiyo ya Marekani mwaka 2019, na kuanzia Machi 2020 programu iliyotiwa sumu ikasambazwa kwa wateja wapatao 18,000, zikiwemo wizara za serikali. Jambo hilo liligunduliwa Desemba 2020. Aliyekuwa akifuta logi zake kila baada ya siku 90 alikuwa ameshaichoma siku ya kwanza ya kesi yake kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo serikali ya Marekani iliziagiza idara zake zitunze logi miezi 12 mahali pa kusomeka haraka na miezi 18 zaidi kwenye ghala.

Na hapo kwenye neno ghala ndipo penye kuokoa pesa. Kuna sehemu mbili, nanyi msizichanganye. Sehemu ya kwanza ni ya kusomea, ambako logi zinapangwa, zinatafutwa na kupiga kengele. Hiyo hutozwa kwa kila gigabaiti inayoingia, nayo ni ghali. Sehemu ya pili ni ya kutunzia. Katika ghala la chini kabisa la Amazon, terabaiti nzima kwa mwezi hugharimu takriban dola 1 ya Marekani, ila ukitaka kuitoa unaweza kungoja hadi saa 12 au zaidi. Wekeni miezi mitatu ya karibuni pa kusomea, na iliyobaki ipelekeni ghalani. Kumbukeni pia kwamba ankara huja kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na bajeti nyingi zilizopangwa kwa bei ya zamani zikapasuka. Akaunti isiyolipiwa hufungwa, na baada ya muda vilivyomo hufutwa. Hakikisheni mstari huo wa bajeti unaitwa kwa jina lake mbele ya kamati, usifichwe ndani ya gharama nyinginezo.

Msije mkadhani kwamba mkishalipa mmemaliza. Mwaka 2023 wadukuzi waliohusishwa na China walisoma barua pepe za maofisa wa Marekani zilizokuwa kwenye wingu la Microsoft. Iliyogundua ilikuwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mwezi Juni, kwa sababu ilikuwa imelipia daraja la juu la logi lililoonyesha kila barua inapofunguliwa. Waliokuwa na daraja la kawaida hawakuweza kuona hilo. Baada ya lawama, Microsoft ilipanua logi hizo kwa wateja wengine bila malipo ya ziada, na muda wa kuzitunza ukatoka siku 90 hadi 180. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba hitilafu katika programu yake ilifanya baadhi ya logi za wateja za Septemba 2024 zisikusanywe kwa zaidi ya wiki mbili.

Ulizeni basi, kabla ya kutia sahihi: daraja hili linaandika nini, na nini haliandiki? Kisha wekeni kengele ya ukimya. Mashine inayotuma mistari elfu kwa saa ikituma sufuri, simu yako ilie. Ile printa ya Bangladesh ilinyamaza kwa sababu ilikuwa imezibwa mdomo.

Nije sasa kwenye kisa ambacho kila Mkenya anakijua kwa jina na wachache wanakijua kwa undani. Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa rais, walalamishi walikwenda Mahakama ya Juu wakisema mfumo wa kupeleka matokeo uliingiliwa. Watu wote wakawa wanasema "fungua seva." Tarehe 28 Agosti mahakama iliiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, itoe taarifa za fayawoli na njia ya kila aliyeingia kwenye seva kuanzia siku tatu kabla ya uchaguzi. Agizo lilikuwa la kusoma tu, bila kugusa chochote. Wataalamu wa pande zote walikaa chumba kimoja kungoja. Mawakili wa tume walieleza kwamba mitambo iko Ulaya, na kwamba kuna tofauti ya saa. Saa zikapita. Kilichotolewa hakikuwa kile kilichoamriwa.

Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga, pamoja na majaji wenzake watatu dhidi ya wawili, alifuta uchaguzi ule. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo fomu zilizokosa alama za usalama. Lakini suala la seva lilikuwa zito: mahakama ilisema kwamba kwa kuwa tume imekataa kufungua, haina njia ila kuyakubali madai ya walalamishi, kwamba ama mfumo ulidukuliwa, ama maofisa wenyewe waliingilia data, ama tume haikutaka kukiri kwamba mpango wa kupeleka matokeo umeiharibikia.

Fikirini uzito wa jambo hilo, wanangu, bila kujali nani wenu alimpigia nani kura. Logi zilikuwepo. Zilikuwa zimetunzwa mbali. Lakini siku ya haki hazikufunguliwa kama ilivyoamriwa, na kutofunguliwa kwake kukawa ushahidi dhidi ya aliyezitunza. Kama mfumo ulikuwa safi, usafi wake haukupata wa kuusemea.

Kwa hiyo jizoezeni kufungua. Kila baada ya miezi mitatu chagueni siku moja ya zamani bila kutangaza, mseme: "Tuletee nani aliingia kwenye mfumo wa malipo Alhamisi ile, kuanzia saa mbili hadi saa kumi." Hesabuni imechukua muda gani. Nani ana ufunguo? Mkataba na kampuni unasema watajibu ndani ya saa ngapi, na je, wako macho mnapokuwa macho? Faili zikifika zinasomeka, au ni rundo la herufi ambalo programu yake ilishaachwa? Zoezi hilo ni dogo likifanywa kwa amani. Likifanywa mara ya kwanza mbele ya jaji, limechelewa.

Sheria yenyewe inawangoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Saa 72 ni siku tatu, na katika siku hizo lazima useme nini kimevuja, cha nani, na lini. Bila logi utasema "bado tunachunguza," na kila mtu atajua hujui. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi nacho hutaka rekodi ya kompyuta iende mahakamani na cheti cha mtu mwenye dhamana juu ya mtambo, akieleza ilivyotolewa. Huyo mtu atakuwa wewe. Utaapa. Tunzeni basi alama ya hisabati (hash) ya kila faili siku inapofungwa, ili miaka ikipita mweze kuonyesha kwamba hata herufi moja haijabadilika. Nao wanaoshika data nzito za taifa, kama za usajili wa watu, wakumbuke kwamba kanuni za 2021 zinataka walau nakala moja ikae ndani ya Kenya.

Sasa nizungumze na nyoyo zenu, maana mnaweza kuyajua haya yote mkawa bado hatari kwa watu.

Katika kaunti yetu, nyumba nyingi maskini hupata fedha za mpango wa Hunger Safety Net, shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Tuseme mama amekuja kwa wakala, ameweka kidole, ameambiwa pesa zimeshatoka. Hana karatasi wala wakili. Shahidi wake pekee ni mstari mmoja katika logi unaosema ni kifaa gani, kwa alama ya nani, saa ngapi, mahali gani. Mstari huo ukiwepo na ukisomwa kwa uadilifu, mama atapata haki yake, au wakala atasafishwa jina. Usipokuwepo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Mkichoka na kazi hii ya kupanga mistari, mkumbukeni mama huyo.

Lakini mstari unaweza kudhulumu pia. Miaka ya ukame, Wakenya wengi wa Garissa na jirani zake walijiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Alama zao za vidole zikaingia kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Watoto wao, na wao wenyewe, walipokwenda kuomba kitambulisho, mfumo ukawakataa ukisema hawa ni wakimbizi. Makumi ya maelfu ya watu walikwama miaka mingi, bila kitambulisho, bila kazi, bila akaunti ya benki. Mashine ilisema kweli kwamba kidole kiliwekwa. Haikusema njaa iliyokipeleka. Logi hueleza kilichotendeka na hukaa kimya kuhusu sababu, na akaunti ya mtu si mtu mwenyewe. Msimhukumu mtu kwa mstari mmoja. Tafuteni wa pili kutoka chombo kingine, kisha mwiteni mhusika mumsikilize. Na msikusanye msichokihitaji: neno la siri lisiingie kamwe kwenye logi, ugonjwa wa mtu usiingie, na anayesoma logi naye aandikwe kwamba amesoma.

Sisi wa Wajir tunajua kuliko wengi gharama ya rekodi isiyofunguliwa. Februari 1984 wanaume walikusanywa na majeshi ya serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja waliokufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda walikaribia 1,000. Kati ya namba hizo mbili ziko familia zilizobaki na majina midomoni, zikisimulia mwaka baada ya mwaka bila karatasi ya kushika. Silitaji hili ili kuwatia uchungu vijana ambao hamkuwepo. Nalitaja ili mjue kwamba anayetunza rekodi kwa uaminifu anafanya kazi ya haki, hata kama cheo chake kinaitwa fundi wa kompyuta.

Kazi ya haki ina hatari zake. Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia wa IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi ule wa 2017. Mwenyezi Mungu amrehemu. Aya ile niliyoitaja inakataza mwandishi kudhuriwa, na sisi wazee tuna wajibu wa kuwalinda. Nanyi jilindeni kwa utaratibu. Usikubali kamwe kuwa mtu pekee mwenye ufunguo wa logi. Ufunguo wa kufuta au kubadilisha muda wa kutunza ugawanywe kwa watu wawili wa idara mbalimbali, na kila mtu kazini ajue kwamba kukutisha wewe peke yako hakumfikishi popote. Mtu akija usiku kukuomba umfutie mstari, awe ndugu wa damu au mkubwa wa kazi, umjibu kwa kweli kwamba huwezi. Kufuli la muda linakupa jibu hilo bila ugomvi.

Basi wiki hii, kabla Ijumaa haijafika, fanyeni mambo manne. Andikeni orodha ya mitambo yote mnayoisimamia, na mbele ya kila mmoja muandike logi zake zinalala wapi. Ulioachiwa logi zake ndani yake wenyewe, anzeni nao. Toeni mistari ya siku moja ya miezi sita iliyopita muone kama inapatikana. Kisha nendeni kwa mkubwa wenu na karatasi moja, lugha nyepesi, inayosema: hiki tunakiona, hiki hatukioni, na kukiona kutagharimu shilingi kadhaa. Akikataa, muombeni aandike kwamba amekataa, muitunze barua hiyo kwa adabu pamoja na nyingine. Mwaka ujao mrudi tena na karatasi hiyo.

Mola awape macho ya kuona kisichosemwa, mikono isiyofuta kilichoandikwa, na ulimi wa kushuhudia kweli hata ikiwa dhidi yenu wenyewe. Amina.